Chaki Haikushika

Jumatatu, 10 Februari

Na bado nasema gauni lilikuwa zuri! Shangazi aseme mpaka akaukiwe na mate. Leo kanipigia tena, siku ya tisa tangu harusi, kuniuliza kama nimezitazama picha vizuri. Nimezitazama, Shangazi. Mara hamsini. Mikono yote miwili ya gauni langu ni ya kushoto — najua! Mkono wa kulia umejipinda, kitambaa kimejaa pasipo na kiwiko, na vile vifungo sita vidogo vya kwenye kifundo vinatazama tumbo langu badala ya kutazama watu. Ndiyo maana katika kila picha nimeshika maua mbele yake.

Kalishona Baba. Baba wa mume wangu. (Mume wangu! Nimeandika tena. Mume wangu, mume wangu. Basi, imetosha.) Fundi wa miaka arobaini, nusu ya mji huu imeolewa ndani ya mishono yake. Asubuhi ya harusi Shangazi alipiga ukelele chumbani, akataka Baba aitwe aje aone alichokifanya. Nikamwambia ukimwita sitoki humu ndani. Nikavaa hivyo hivyo. Baba aliponiona akalengwalengwa na machozi, akasema laiti marehemu mama yenu angekuwepo. Hakuona. Jicho lile linaloona uzi uliolegea kutoka ng'ambo ya barabara — halikuona.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Gauni lenyewe naliweza.

Kesho narudi kazini. Likizo imekwisha, jamani, siku tisa zimeyeyuka kama barafu!

Jumanne, 11 Februari

Wamenipokea kwa vigelegele. Muuguzi mkuu kafunga utepe mweupe kwenye kiti changu cha mapokezi, nikakaa kama malkia. Saa mbili na nusu mlango ukafunguka — yeye! Na toroli lake, na kasha lake. Nimetoka naye kitanda kimoja alfajiri, bado moyo uliruka.

Muuguzi akapaza sauti ukumbi mzima: "Bwana Nusu huyo! Bibi harusi, saini upesi, mumeo anapungua!"

Nikakumbuka siku yetu ya kwanza, nikacheka peke yangu mpaka mgonjwa mmoja akanitazama vibaya. Mimi mgeni kazini, sijamaliza hata wiki. Kijana mrefu anaingia mbio, anahema: "Nimeleta risasi, niweke wapi?" Nikajitupa chini ya meza! Nikamwita mlinzi kwa sauti niliyokuwa sijui kama ninayo. Kumbe kasha limetengenezwa kwa madini ya risasi, zito kama ndama, na ndani yake kuna kichupa kimoja tu, cha dawa yenye mionzi. Alipiga magoti kunichungulia chini ya meza, akasema pole dada, hii hailipuki. Macho yale! Nilishakwisha palepale.

Dawa hiyo wanamdunga mtu mkononi, inasafiri na damu hadi kwenye ubongo. Kama kuna ule uchafu wa ugonjwa wa kusahau, inaung'ang'ania, na mashine ikipiga picha pale pote panawaka. Kama uchafu hakuna, dawa inapita zake. Ila haina subira hata kidogo. Kila dakika mia na kumi, nusu ya nguvu yake imekwisha. Kiwanda kinaitengeneza alfajiri upande wa pili wa mji, na mume wangu ndiye anayeikimbiza. Hawezi kusema sentensi tatu bila "nusu imeshakwenda." Hata nilipochelewa kutoka saluni siku ya harusi — "Mpenzi, nusu imeshakwenda!"

Kanichumbia kwa dakika tatu tatu kila asubuhi, muda wa kusaini karatasi. Miaka miwili. Nani mwingine ameposwa hivyo?

Jumapili, 16 Februari

Tumeshinda kwa Baba. Anaishi nyuma ya duka lake, chumba kimoja na ua mdogo, kila kitu kina vumbi la kitambaa, hata sukari. Anapiga chafya saba saba kila akifungua jora. Mimi nahesabu, yeye anacheka.

Lakini kaniuliza mara tatu kama nimekula. Pasi tumeikuta inawaka juu ya ubao, imeacha alama ya kahawia. Na kuna suruali ya mteja imekatwa mguu mmoja mfupi. Kaificha chini ya meza. Mume wangu kaiona, mimi nimeona kwamba kaiona. 

Baba ndiye aliyesema. Tulikuwa tunakunja vitambaa, mimi na yeye, mume wangu kaenda kununua maji. "Mkwe, nimejua."

"Umejua nini, Baba?"

"Gauni. Nimeliona kwenye picha. Miwili ya kushoto." Akakunja tena kitambaa ambacho tulikuwa tumeshakikunja. "Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi vile. Nawe ukalivaa mbele ya watu wote."

Nikamwambia nililipenda. Akasema nyamaza, unasema uongo kwa heshima. Kisha akaniuliza kuhusu kazini kwetu, kama ni kweli kuna mashine inayoona ndani ya kichwa. Nikamweleza kama daktari anavyowaelezea watu, dawa inapita, inashika au haishiki. Alisikiliza na kipande cha chaki ya fundi mkononi. Mara akachora mstari kwenye kitambaa cheusi.

"Kumbe ni chaki!" akasema. "Unachora upate kuona pa kukata. Ukimaliza, unapukuta. Kitambaa safi kinaiachia. Chenye mafuta kinaing'ang'ania."

Akapukuta. Mstari ukapotea. Daktari mwenyewe hajawahi kueleza vizuri hivyo!

Anataka kuingia kwenye utafiti wetu, ule wa kuwapiga watu picha za ubongo.

Ijumaa, 21 Februari

Leo kaja kujaza fomu. Kavaa suti yake ya kijivu, kanisalimia pale mapokezi kama mtu asiyenijua: "Dada, naomba kumwona daktari." Kisha akanikonyeza! Wauguzi wameanguka kwa kicheko. Daktari — mama mmoja mpole, hana haraka — kamhoji kwa karibu saa mbili nzima. Unatumia dawa gani, mzee? Hakuna. Hata za presha? Hakuna, daktari, sina ugonjwa. Nimeisikia hiyo kwa sababu mlango ulikuwa wazi, sikutega sikio. Sawa, nilitega kidogo.

Mwisho wa fomu kuna visanduku viwili. Nataka kuambiwa jibu langu. Sitaki kuambiwa. Wengi siku hizi wanachagua cha pili.

Mume wangu alitaka achague cha pili. Wakabishana hapo hapo kwenye benchi, kwa sauti za chini, wanafanana mpaka mishipa ya shingo.

"Baba, ukijua utaishi vipi?"

"Nisipojua nitakata vipi? Kila nikishika mkasi naurudisha mezani. Mtu kaniletea kitambaa cha harusi ya bintiye jana. Nimekirudisha. Nimemwambia sina nafasi. Mimi! Sina nafasi!"

Akatia alama ya vema. Nataka kuambiwa. Kwa mkono wa kushoto, akacheka mwenyewe: "Ndio mkono ninaoujua."

Akaniita pembeni kabla ya kuondoka. Kanipa kitu kizito kimefungwa kwenye gazeti na kuzungushiwa uzi mweusi. Mkasi wake. Ule mkubwa, wenye mpini uliolika mahali pa kidole gumba. "Nitunzie. Jibu likiwa baya, usinirudishie hata nikikuomba. Hata nikilia. Umenisikia, mwanangu?"

Nimesikia. Nimeuweka kwenye droo ya kabati, chini ya kanga zangu mpya. Mume wangu hajui. Ni siri yangu ya kwanza katika ndoa, na ina uzito wa kilo nzima.

Alhamisi, 27 Februari

Sijui nianzie wapi. Leo ilikuwa siku ya Baba.

Kaja saa moja na nusu, hajachelewa, kakumbuka hata miwani. Kakaa, kavuliwa koti, muuguzi kamwekea mkononi sindano ya kupitishia dawa. Sote tunasubiri kasha. Na kasha lilikuwa na mume wangu — dawa ya babake mwenyewe, jina la babake kwenye kibandiko! Alfajiri kaondoka akipiga mluzi.

Saa mbili na nusu. Hakuna. Saa tatu. Simu: lori la saruji limepinduka darajani, barabara imefungwa, yuko nyuma ya magari mia mbili na mbele hapasogei. Nikamsikia anavyopumua. "Nusu imeshakwenda," akasema. Leo haikuchekesha.

Alifika saa sita kasoro dakika kumi. Shati lote jasho. Kalisukuma toroli mbio hadi kwenye chumba cha vipimo, mpimaji wa humo akakitumbukiza kichupa kwenye mashine ya kupimia mionzi, akatazama namba, akatazama saa, akatazama namba tena. Sikuhitaji kuambiwa. Nusu ilikwenda, na karibu nusu ya nusu iliyobaki. Haifiki. Picha ingetoka kama ukungu.

Baba akavaa koti lake polepole. Akamwambia mume wangu, usijali, baba, barabara si yako. Mume wangu akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mahali tulipokuwa tunakula karanga enzi za uchumba, akalia kama mtoto. "Za watu wote nimezifikisha," akasema. "Miaka sita. Sijawahi kuchelewesha ya mtu. Ya babangu!"

Nilimshika kichwa. Nilimfungua kifungo cha shati apate hewa, kikakatika, kikaruka ngazini, tukakisikia kikidunda mpaka chini. Ngazi kumi na nne. Hatukukipata.

Ijumaa, 28 Februari

Wamempangia tena, Alhamisi ijayo. Nampenda sana mume wangu. Ndiyo hayo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Amefika! Saa mbili na dakika kumi na mbili! Nimeandika kwenye daftari la mapokezi. Kumbe kaondoka nyumbani saa kumi, kazunguka njia ya juu, ile ndefu isiyo na daraja. Mpimaji kanyoosha kidole gumba. Mimi nimesaini kwa herufi kubwa kama mtoto.

Baba kadungwa saa tatu kasoro robo. Kisha kusubiri, saa moja na nusu kwenye kiti kirefu, taa hafifu, dawa ijisambaze. Nilitaka kukaa naye nimshike mkono. Muuguzi mkuu akanizuia mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe mke mpya wa mwezi mmoja, unajua kilichomo tumboni mwako? Mimi sijui, na wewe hujui. Mzee anang'aa leo. Rudi kwenye meza yako, na nyumbani usikae ubavuni kwake mpaka kesho."

Nikaona haya mpaka masikio! Baba kutoka ndani: "Msikilize muuguzi, mkwe! Mjukuu wangu sitaki awake usiku kama kimulimuli!"

Nikarudi mbio mezani. Karatasi zote zilinidondoka.

Mashine ilimchukua dakika ishirini. Katoka akisema amelala usingizi mzuri kuliko wa mwaka mzima, kelele za mashine zinafanana na cherehani yake ya zamani. Jibu baada ya wiki moja.

Jumatano, 12 Machi

Bahasha imepita mezani kwangu leo. Ya kahawia, imefungwa kwa gundi, namba ya Baba juu yake — kwenye utafiti hawaandiki majina, lakini namba yake naijua kuliko ya simu yangu. Imelala mbele yangu kuanzia saa nne mpaka saa saba, mpaka muuguzi alipokuja kuichukua. Nimeishika. Nimeigeuza. Nimeiinua kidogo kwenye mwanga wa dirisha, Mungu anisamehe, halafu nikaona haya, nikaiwekea kikombe cha kalamu juu yake.

Mume wangu kanipigia mara nne. Imefika? Imefika. Nzito au nyepesi? Mpenzi, ni karatasi!

Nyumbani nimefungua droo, nimeugusa mkasi kupitia gazeti. Ukibaki humu mwetu moja kwa moja nitauambia nini?

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye basi la kurudi, mwandiko unaruka, hata nikishindwa kuusoma baadaye sijali, nitajua nilikuwa na furaha!

Saa tano tuliitwa. Chumba kidogo cha daktari, viti vitatu, picha ya ubongo ukutani. Baba na suti ya kijivu. Mume wangu kashika kofia yake ya kazi, anaikunja, anaikunjua. Daktari akafungua bahasha, akasoma, akatabasamu, akasema: "Mzee, picha yako ni hasi."

Mimi ninajua. Miaka miwili nasikia chanya na hasi pale mapokezi, moyo wangu uliruka hadi darini. Nikageuka kuwakumbatia — nikakuta mume wangu kafunika uso na kofia! Yeye anajua dakika, majibu hayajui. Akishusha kasha lake, kaondoka. Na Baba kasimama. Kasimama wima, kafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Asante, daktari. Mkasi utabaki kwa mkwe wangu."

Daktari kababaika. "Mzee, labda hukunisikia. Nimesema hasi."

"Nimekusikia. Usirudie. Fahali akihasiwa wanamwita maksai. Mimi niliyehasiwa kichwani mtaniitaje?"

Daktari mdomo wazi. Hajawahi kujibiwa hivyo maisha yake yote. Akaanza kueleza, hasi katika vipimo maana yake, mzee, ni kwamba vile viwango havikufikia — na Baba anatingisha kichwa tu, yuko mbali, yuko mlangoni tayari.

Nikapiga kelele. "Baba! Chaki haikushika!"

Akasimama na mkono kwenye kitasa.

"Haikushika?"

"Haikushika popote! Wamechora, wamepukuta, kitambaa safi!"

Akamtazama daktari. Daktari naye, hajui chaki gani, lakini ana akili yule mama — akageuza ile picha, akamwonyesha mahali ambapo pangewaka na hapakuwaka. Kijivu, kijivu kote. Baba akaisogelea mpaka pua ikaigusa. Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, kama anavyopukuta. Kisha akakaa chini sakafuni, na suti yake yote, akaanza kucheka. Mume wangu akakaa naye. Daktari akaniuliza mimi kwa sauti ndogo, hii ya chaki naruhusiwa kuwaambia wengine?

Nusu yangu ilicheka, nusu yangu ililia, na hakuna hata moja iliyokwenda popote!

Lakini daktari hakutuacha hivi hivi. Alipoona tumetulia akasema ugonjwa ule sio, ila kusahau kupo. Mikono miwili ya kushoto haikujishona. Lazima kuna kitu. Atamchukua damu, atampima masikio, tutatafuta. Baba akasema tafuteni, mimi nimeshapata nilichotaka. Lakini nilipomwambia nitamletea mkasi kesho, akakataa. "Bado. Mpaka wajue ni nini. Nisije nikaharibu cha mtu."

Kituo changu hiki!

Jumapili, 16 Machi

NIMEPATA. Mimi! Mimi mpokezi wa kidato cha nne!

Ni kwa sababu ya kifungo. Kile kilichoruka ngazini. Shati la kazi la mume wangu limekaa wiki mbili bila kifungo cha pili, nikasema leo kwa Baba ndio nitakishona. Baba ana kopo la vifungo, kopo la zamani la maziwa, vifungo vya miaka arobaini. Nikamwaga mezani, natafuta cheupe chembamba. Nikapata. Nikakitia uzi — hakipitiki. Nikakisogeza karibu na jicho.

"Baba, kifungo hiki hakina tundu."

"Hicho si kifungo. Hicho cha chafya."

"Cha chafya?"

"Kimeze, utaona. Chafya inakata hapo hapo. Mwenye duka la dawa huniwekea."

Nikapekua kopo. Vilikuwa vingi! Vyeupe, vidogo, vimechanganyika na vifungo vya mashati mpaka sijui alikuwa anavitofautisha vipi. Nikamuuliza anameza vingapi. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni viwili, jora likiwa la sufi anaongeza. Tangu lini? Tangu marehemu. Mama ndiye aliyekuwa anamwagia maji sakafu kila asubuhi, kupunguza vumbi. Alipofariki hakuna aliyemwagia tena, chafya zikaanza. Miaka mitatu!

"Lakini Baba, daktari alikuuliza kuhusu dawa!"

Kanishangaa kweli. "Dawa ni ya mgonjwa. Mimi napiga chafya tu."

Nikamtazama mume wangu, mume wangu akanitazama. Nimevifunga kumi kwenye kitambaa. Kabla ya kuondoka mume wangu kachukua ndoo, kamwagia maji sakafu yote ya duka, kafagia, kafuta mpaka juu ya kabati. Baba kasimama mlangoni anamwangalia mwanawe na fagio la mama yake.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari kavimwaga mezani kwake, kasoma jina lililochapwa juu ya kimoja kwa kioo cha kukuzia, akajipiga paji la uso. "Nilimuuliza dawa. Nilipaswa kumuuliza anameza nini." Anasema vidonge vya zamani vya namna ile, kwa wingi ule, kwa umri ule, vinaweza kufunika akili kama blanketi. Baba ataviacha kidogo kidogo, atapewa vingine visivyolaza. Hakuahidi. Kasema tena na tena, binti, siahidi, huenda ni hivi na huenda kuna kingine, nimwone baada ya miezi mitatu.

Sawa. Asiahidi. Mimi nimelala usingizi leo mchana kwenye meza ya mapokezi, kinywa wazi, muuguzi kanipiga picha.

Jumatano, 26 Machi

Nimerudi nyumbani mapema kutoka kazini, sijisikii vizuri tangu asubuhi, harufu ya kahawa ya mlinzi imenikimbiza. Niko kitandani na gauni langu la harusi mapajani. Nieleze.

Saa tatu Baba kapiga simu. Sauti nyingine! Haraka, kavu, ya fundi anayedaiwa nguo. "Mkwe, lete gauni. Nataka niutoe ule mkono wa uongo niweke wa kulia. Kitambaa kilibaki, nimekiona. Vipimo ninavyo."

Nikamuuliza viko wapi, daftari lake si lilipotea tangu Desemba.

"Daftari la nini? Andika." Na akaanza kuvitaja, bila kusita, kama mtu anayehesabu watoto wake. Bega kumi na nne na nusu. Mkono ishirini na mbili. Kifundo sita na robo. Kifua thelathini na tatu. Kiuno ishirini na saba. Nimeviandika nyuma ya karatasi ya kasha la leo. Hajanipima tena tangu mwezi wa kumi na moja. Mara moja tu alinipima!

Nilipofika nyumbani nikaona nihakikishe. Naogopa kufurahi bure. Nikachukua tepu, nikasimama mbele ya kioo. Bega, sawa. Mkono, sawa. Kifundo, sawa sawia! Kifua, nimezidi nusu inchi, hilo si neno.

Kiuno ishirini na nane na nusu.

Nikapima tena. Ishirini na nane na nusu. Moyo ukashuka. Nikasema basi, kakosea, moja kakosea, bado blanketi lipo. Nikakaa kitandani. Halafu nikafikiri kulipima gauni lenyewe, kwenye kiuno, mshono hadi mshono. Ishirini na saba. Kamili. Baba hajasahau hata robo inchi. Gauni halijabadilika.

Aliyebadilika ni nani?

Nimeenda ukutani kwenye kalenda. Nimehesabu kwa kidole. Nimerudia, kwa sababu mimi hesabu zilinishinda tangu kidato cha pili. Inawezekana ni mapishi yangu tu, mume wangu ananisifia nami najipakulia! Inawezekana ni zile karanga. Muuguzi mkuu yupo zamu kesho, atanipima, atanicheka. Alinizuia pale mlangoni. Namshukuru na mikono yake kiunoni. Mume wangu bado yuko njiani, hajui chochote, yuko na toroli tupu na shati lake lenye vifungo vyote.

Nimefungua droo. Mkasi huu hapa, nimeukata uzi mweusi, nimelitoa gazeti. Mpini umelika mahali pa kidole gumba chake. Changu kinacheza ndani yake.

Simu inaita. Ni Baba. Mara ya pili leo — moyo umeruka, nikadhani kasahau kwamba alipiga.

"Najua nilikupigia asubuhi, usinifikirie vibaya! Nilisahau kukwambia kitu kimoja tu. Ukija, mkasi."

"Ninao mkononi, Baba."

"Sauti hiyo ya nini? Unalia?"

"Hapana. Baba… kile kiuno ulichotaja. Ukiacha nafasi kidogo ya kupanua, itawezekana?"

Nasikia maji yanamwagika sakafuni kwake, anamwagia mwenyewe. Kisha, polepole sana: "Kupanua kiasi gani, mwanangu?"

Nikamwambia sijui bado. Nikamwambia asimwambie mtu, hata mwanawe, mwanawe nitamwambia mimi. Nikamwambia kabla mwezi haujaisha, Baba, Jumapili hii hii, nakuja na gauni, nakuja na mkasi wako, na utanipima upya.